TAHADHARI: Pete za "almasi" zilizozibwa nyuma, Kisumu na Nakuru

Kama unatafuta pete ya uchumba na umeona picha za "almasi karati 1, dhahabu karati 18" kwa elfu thelathini na kitu huko Facebook au TikTok, soma hii kabla hujatuma hela. Jiwe asilia la karati 1 (karati ya jiwe ni uzito, ya dhahabu ni usafi) lenye hali nzuri, peke yake bila pete, ni la mamia ya maelfu.

Muuzaji wa aina hii hana duka. Anaomba nusu kwa M-Pesa, namba ya mtu binafsi, kisha mnakutana nje ya supamaketi, dakika tano, pete mkononi, amepotea. Hadithi yake ni kwamba jiwe limetoka Mwadui kule Shinyanga, likavushwa mpakani Isebania, ndiyo maana bei ni ya mgodini. Mwadui ipo kweli, ila kinachotoka mgodini ni jiwe bichi ambalo halijachongwa. Akikuonyesha cheti cha Kimberley, ondoka: mpango huo, ulioanza 2003, unahusu mawe mabichi yanayovuka mipaka, si jiwe lililokwisha kukaa kwenye pete.

Ujanja wenyewe uko kwenye namna jiwe lilivyopachikwa. Ukitaka pete ya kucha, yaani vijino vya chuma vinavyoshika jiwe, atakusukuma uchukue ya fremu "iliyofunikwa vizuri, jiwe haliwezi kuanguka". Fremu, yaani ukanda wa dhahabu unaozunguka jiwe lote, haina kosa. Kwa muuguzi, fundi au mtu wa shamba ndiyo bora kabisa, maana haikwami kwenye glavu wala sweta. Kasoro ni ile bati iliyoziba chini. Sonara anayejua kazi huacha tundu nyuma ili uchafu usafishwe na ncha ya jiwe ionekane. Ikizibwa, huoni karatasi ya kung'aa iliyobandikwa chini ya kioo, na huoni gundi.

Almasi hushikwa na chuma. Kwa jiwe la mviringo, kucha huwa 4 au 6. Kila kucha hukatwa mfereji mdogo kwa ndani, kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana kabisa, kikae humo, kisha ncha inalazwa juu ya jiwe. Jiwe la pembe nne linahitaji kucha zinazokumbatia pembe, kwa sababu hapo ndipo linapomeguka likigongwa. Kwenye pete hizi feki kucha ni pambo: zimesimama kando, hazijaligusa jiwe. Pitisha uzi wa pamba juu yake. Ukikwama, kucha imeinuka. Igonge pete polepole karibu na sikio. Mlio wa kucheza maana yake jiwe halijakaa. Halafu tazama kiuno cha jiwe kwa lenzi ya mara 10: utando mweupe pale ni gundi, na maji moto ya kuosha vyombo yataimaliza.

Vipimo vya barabarani havisaidii. Kulitupa jiwe kwenye maji? Hata kioo huzama. Kukwaruza kioo? Zirkonia, jiwe la kutengenezwa linaloigiza almasi, lenye ugumu wa 8 hivi kwenye kipimo cha Mohs, hukwaruza kioo pia. Kile kipimo cha kalamu kinacholia "bip" hupima joto tu, na moisanaiti, jiwe jingine la kutengenezwa linalofanana na almasi, hupitisha joto vizuri kiasi cha kukidanganya, ndiyo maana muuzaji huja nacho mwenyewe kwa furaha. Dai kipimo kinachopima umeme pia. Kwa lenzi, litazame jiwe kwa mshazari kutoka juu: kwenye moisanaiti mistari ya nyuma huonekana miwilimiwili. Almasi ya maabara itapita vipimo vyote hivi kwa kuwa ni almasi kweli, lakini bei yake ni ya chini mno kuliko ya asilia, kwa hiyo usiilipie kama asilia.

Karatasi ya GIA, maabara ya Marekani inayokagua almasi na kutoa ripoti yenye namba, nayo hunakiliwa. Namba inaweza kuwa halali, ila ni ya jiwe jingine. Itafute kwenye tovuti ya GIA, kisha linganisha vipimo kwa milimita. Jiwe la mviringo la karati 1 lina upana wa karibu 6.5 mm, la nusu karati kama 5.1. Kama ripoti inasema namba imechorwa kiunoni, isomwe hapo kwa lenzi. Wenye jiwe lao wanaopeleka kubadilishiwa fremu, pimeni milimita kabla na baada. Mawe hubadilishwa karakana.

Mhuri wa ndani: 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Ukiona 925, hiyo ni fedha iliyopakwa rangi.

Kabla ya kulipa chochote, mwambie mkutane dukani kwa sonara wa kuchagua wewe, iwe Oginga Odinga Street Kisumu au Kenyatta Avenue Nakuru. Wengi huzima simu hapo hapo. Kama umeshatuma pesa, sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, maana akishazitoa hakuna cha kurudisha. Piga picha za mazungumzo yote kabla hajafuta ukurasa, nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio). Na jiwe usiling'oe: gundi ikiwa bado pale chini, huo ndio ushahidi wako.