TAHADHARI: Kondoo "wenye mimba" wanaouzwa kwa picha ya kiwele

Ndugu wafugaji, hasa mnaonunua Dorper (aina ya kondoo wa nyama) na chotara wake kupitia makundi ya WhatsApp na Facebook, kuweni macho. Kuna wauzaji wanaotoza bei ya kondoo mwenye mimba huku ushahidi wao wote ukiwa picha moja ya kiwele iliyopigwa kwa nyuma. Tangazo husema "mimba kubwa, kiwele kimeshashuka, anazaa wiki hii au ijayo." Mnunuzi anaongeza hela, analipa usafiri, analisha miezi miwili, na hazaliwi mtoto.

Kiwele kilichojaa si ushahidi wa mimba. Jike asiye na mimba anaweza kuwa nacho kwa sababu nyingi, na baadhi ya sababu hizo ni mbaya kuliko kukosa mimba kwenyewe.

Anza na hesabu ya siku. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi. Kiwele huanza kuonekana kikikua katika wiki 4 hadi 6 za mwisho, na kwa jike aliyezaa mara kadhaa kinaweza kuchelewa hadi wiki 2 au 3 kabla ya kuzaa. Muuzaji akikwambia mimba ina miezi 2 na kiwele ndicho hicho kimejaa, mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Muulize dume aliingia kundini tarehe gani na akatolewa lini. Kama dume anazunguka na majike mwaka mzima, umri wa mimba anaoutaja ni wa kubahatisha.

Hila rahisi kuliko zote ni kumtenga mama na mtoto wake. Jike anayenyonyesha, mtoto akiuzwa au akifungiwa usiku mmoja, asubuhi kiwele kimekaza, ngozi inang'aa, chuchu zimetoka kwa pembeni. Mkiwa sokoni mwangalie mwenendo wake: analia, anageukia kila mtoto anayepita, na akitembezwa maziwa yanaweza kudondoka. Zipapase chuchu pia. Za jike aliyekuwa akinyonywa jana huwa ndefu, na mara nyingine zina michubuko ya meno.

Maji ya kiweleni husema mengi. Karibu na kuzaa, yanayotoka ni mazito, ya manjano, yanayonata kama asali. Hayo yanaelekea kuwa dang'a, maziwa ya kwanza ya mzazi. Maziwa meupe mepesi maana yake ni kwamba ananyonyesha au ameachishwa juzi tu. Hayo hayakanushi mimba changa, ila kiwele hicho hakina cha kukuthibitishia. Ukiona majimaji yenye vidonge, usaha au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Lakini tafadhali, msiwakamue kondoo wote wa mtu kwa kujaribu. Jike aliyekaribia kuzaa ana kizibo kinachofunga tundu la chuchu, na kukitoa ni kufungulia vijidudu mlango. Mjaribu yule tu unayetaka kumlipia, mwenye kondoo akiridhia: futa chuchu, toa tone moja, kisha ichovye chuchu kwenye dawa ya iodini ya kuchovyea chuchu.

Halafu pima pande mbili za kiwele kwa mikono miwili. Mimba hukuza pande zote karibu sawa. Upande mmoja ukiwa mkubwa, mgumu au wenye mafundo ndani, hiyo ni alama ya ugonjwa wa zamani, na upande huo huenda usitoe maziwa tena hata akizaa mapacha. Ukiwa wa moto na jike anachechemea mguu wa nyuma wa upande ule, ugonjwa ni mpya. Ukiwa wa baridi na rangi imegeuka bluu au nyeusi, nyama imeshaanza kuoza. Kondoo huyo anaweza kufa baada ya siku chache.

Mtamba aliyelishwa pumba na nafaka kupita kiasi naye huonekana ana kiwele. Kikishikwa ni laini, chuchu ni ndogo, na hakitoi chochote. Ni mafuta. Mtamba wa namna hiyo anaweza kuja kuwa na maziwa machache, kwa sababu mafuta yamechukua nafasi ya tezi za maziwa.

Lishe ina hatari nyingine. Miaka ya 1940 huko Australia Magharibi, kondoo waliochungwa kwenye aina fulani za klova (majani ya malisho ya jamii ya kunde) walivimba viwele bila mimba, na hata madume yaliyohasiwa yakatoa maziwa. Mimea hiyo ina kemikali zinazofanya kazi kama homoni ya kike. Lusini, majani mengine ya malisho, inaweza kuwa nazo, na mahindi yaliyoota ukungu wa Fusarium hubeba sumu yenye tabia hiyohiyo. Majike waliokula klova hiyo muda mrefu wengine walibaki tasa moja kwa moja. Ukikuta mitamba ambayo haijawahi kuwa na dume, yote ina viwele na uke umevimba, acha kununua kundi zima.

Kuna pia mimba ya uongo: kizazi kinajaa maji, tumbo linakua, kiwele kinaweza kuja, kisha maji yanamwagika bila mtoto. Hutokea zaidi kwa mbuzi, lakini kondoo nao huipata. Hapa muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na bado mkapoteza wote wawili.

La kutisha zaidi ni jike aliyetupa mimba siku chache zilizopita. Kiwele kimejaa kweli. Mwinue mkia: ukiona damu iliyokaukia kwenye manyoya, ute mchafu au kipande cha kondo la nyuma kinachoning'inia, usimguse kwa mikono mitupu na usimpeleke nyumbani. Brusela na Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwaka 1930 na 1931, hutupisha mimba na huambukiza watu. Mwite daktari wa mifugo.

Kumpima kwa mkono kunasaidia mimba ikishapita siku 100 hivi. Jike asimame, awe hajala tangu usiku. Chuchumaa upande wake wa kulia, kwa kuwa kushoto ni tumbo la majani. Sukuma kwa ngumi sehemu ya chini mbele ya kiwele, usiachie; kitu kigumu kikirudi kugonga mkono, huyo ni mtoto. Aliyeambiwa anazaa wiki ijayo na hakuna kinachogonga, mtilie shaka. Kipimo cha uhakika ni altrasaundi, na wakati mzuri ni kati ya siku 45 na 90. Hapo hata mimba ya uongo hujulikana: maji yanaonekana, mtoto haonekani.

Kama altrasaundi haipatikani, lipa bei ya kondoo mtupu (asiye na mimba), na nyongeza ya mimba ilipwe baadaye. Andikeni namba ya hereni, meno mangapi yameng'oka, tarehe anayodai atazaa, na kiasi kilichobaki. Ujumbe wa malipo ya simu uhifadhiwe. Mkifika nyumbani mtenge, kisha mwekee dume mpole aliyepakwa kifuani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Kondoo mtupu hurudi joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 16 au 17. Mgongo na mapaja yakipata rangi ndani ya siku hizo, mpige picha na umtumie muuzaji kabla hujalipa salio. Asipopata rangi na tarehe ya kuzaa ikapita kwa wiki mbili, usiendelee kungoja: kizazi kipimwe, kwa sababu mwenye mimba ya uongo naye hapandwi.