Modeli ya Apollo kwa shilingi 3,200: viti safi, mlango wa uongo

Mimi hushona viti vya matatu kule Kariobangi, kwa hivyo nilipoiona modeli hii ya Apollo, chombo cha anga cha Wamarekani cha safari za mwezini, kwenye stoli moja hapa mjini, nilichotazama kwanza ni viti. Muuzaji aliniambia 3,800, tukavutana mpaka 3,200.

Ni plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kipimo cha 1 kwa 24. Chini ina upana wa sentimita 16 hivi, maana chombo chenyewe kilikaribia mita 4. Humo watu watatu walijibana kwa siku nane, nafasi ya mita 6 hivi za ujazo. Hata makanga wa saa kumi na mbili jioni angesema gari limejaa.

Viti vimenifurahisha. Abiria analala chali, magoti yamekunjwa, ili kishindo cha kuruka kimkandamize kifuani kwenda mgongoni, si kichwani kwenda miguuni. Cha katikati hukunjwa kama kile cha kweli, mtu apate kupenya. Bawaba yake ni uzi wa waya tu, lakini nimeikunja na kuikunjua jioni nzima na haijalegea. Kuna viti vya gari nimevirudia ndani ya wiki.

Madirisha matano yapo. Dashibodi ni stika, tena imekunjamana pembeni. Gundi haimo kwenye boksi, beba yako.

Sasa mlango. Boksi linasema Apollo 11, lakini mlango unavutwa ndani! Mlango wa ndani wa namna hiyo ni wa kile chombo kilichoungua kikiwa bado ardhini, tarehe 27 Januari 1967, wanaanga Grissom, White na Chaffee wakiwamo ndani. Hewa ya ndani iliubana kwenye fremu, wakashindwa kuuvuta. Baadaye ukatengenezwa mwingine wa kusukuma nje, na huo ndio waliokwenda nao mwezini. Mtu anayefunga mlango wa dharura kwenye matatu hawezi kuliachilia kosa hilo. Nilikata bawaba kwa wembe, nikazigeuza, nikazibandika upya.

Nilirudi kumweleza muuzaji. "Mkubwa, si mlango ni mlango tu?"

Binti yangu wa gredi ya sita alichungulia, akauliza choo kiko wapi. Nikamwambia hakuna, walitumia mifuko, ila Orion, kile kipya cha watu wanne, kina choo. Akanirudishia modeli. Anataka hicho cha Orion.