Wakili aliyetushughulikia kibali cha kununua kinu: uzoefu wangu, Dodoma

Tunakamua alizeti hapa Dodoma, na mwaka jana tuliamua kununua kinu cha wenzetu wa Singida. Bei tulishakubaliana, mkataba umeandikwa. Mshauri wetu wa kwanza alisema kinu chenyewe ni kidogo, hakuna haja ya kwenda Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinachotoa kibali kampuni zinapoungana au kununuana. Nusura tumsikilize.

Shemeji yangu ndiye aliyenisihi nimwone wakili mmoja wa mambo ya ushindani, ofisi yake iko Area C. Kabla hata sijakaa vizuri aliomba hesabu zilizokaguliwa, zetu na za Singida, akazijumlisha. Kumbe kiwango cha shilingi bilioni 3.5, ambacho ukikivuka lazima uombe kibali cha Tume, hupimwa kwa mauzo au mali za pande zote mbili kwa pamoja. Udogo wa anayenunuliwa haukuokoi. Sisi tulikuwa tumekivuka zamani.

Kisha akaniuliza, "Kaka, mmeshaanza kununua alizeti pamoja?" Moyo ulinilipuka. Tulikuwa tumepanga mawakala wetu na wao waingie vijijini na bei moja msimu ukianza. Akanikataza palepale: mpaka muda wa kisheria uishe na Tume iridhie, ninyi bado ni washindani, na kukiuka Sheria ya Ushindani ya 2003 kunaweza kula asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka. Nilipiga simu Singida nikiwa bado ofisini kwake.

Pale aliponikosha hasa ni kwenye kueleza soko. Mimi nilijiandaa kuzungumzia mafuta, ambako tunashindana na kila mtu, pamoja na mawese yanayotoka nje. Yeye aling'ang'ania upande wa mkulima. Mkulima wa Iramba au Mkalama, wilaya za huko Singida, aliyekuwa akichagua kati ya vinu viwili, sasa atabaki na wanunuzi wangapi? Alituma kijana wake akae huko siku kadhaa, aongee na wakulima, madalali na wanunuzi wa mashudu. Maelezo hayo yakawa uti wa mgongo wa ombi letu, kwa sababu Tume huangalia kama muungano wa kampuni, ukiwemo ununuzi kama wetu, utazaa au kuongeza nguvu ya kuhodhi soko. Alinikumbusha pia ya kampuni ya saruji ya Tanga Cement: mwaka 2022 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, lilitengua idhini ya ununuzi wake ambayo Tume ilikwisha kuitoa. Kwa hiyo hakutaka faili letu liwe na tundu.

Ukishakamilisha maombi, Tume ina siku 14 za kuamua kama itachunguza zaidi. Ikichunguza, ni siku 90, na inaweza kuongeza 30. Saa haianzi kuhesabu kama nyaraka zina pengo, na yetu ilichelewa kwa sababu sisi tulisahau muhtasari mmoja wa kikao cha bodi. Kibali kilitoka kabla ya mavuno.

Lalamiko langu ni moja. Ada ya Tume, ambayo hutegemea mauzo, ni tofauti na malipo ya wakili, na hilo nililijua wiki ya pili. Si fedha ndogo kwa kinu kama chetu, nilistahili kuambiwa siku ya kwanza. Kwa hilo nampa nyota nne.

Ukienda kwake, nenda kabla hamjasaini. Sisi ilibidi mkataba ufumuliwe na kuongezwa kifungu kwamba mauziano hayakamiliki mpaka Tume iridhie, na wauzaji walitumia nafasi hiyo kufungua upya mazungumzo ya bei.