Uzoefu wangu: riwaya ya mama mtoro na mto Ohio

Nimeisoma riwaya hii kwa siku nne, na sura mbili za katikati nimezirudia, maana sikuridhika kwamba nilikuwa nimezielewa. Ni kisa cha mama anayetoroka na binti yake kutoka shamba la tumbaku huko Kentucky, Marekani, mwaka 1851, akavuka mto Ohio usiku kwa mtumbwi unaovuja, akiamini kwamba ng'ambo ya pili utumwa hauna nguvu juu yake.

Imani hiyo ndiyo mwandishi anayoivunja, nami namshukuru kwa hilo. Visa vingi vya watoro nilivyowahi kusoma huishia mtoni: mtu akishavuka, msomaji hufunga kitabu moyo wake ukiwa umetulia. Hapa mto unavukwa mapema, kisha inaingia Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, iliyowapa wenye watumwa haki ya kuwafuata watu wao hadi katika majimbo yaliyokwisha kupiga marufuku utumwa. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, lakini dola 5 tu akimwachilia, na aliyempa mtoro hifadhi aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa miezi 6. Haya yote hayatolewi kama mhadhara. Tunayasikia katika ubishi wa mkulima na mkewe, wanaonong'onezana jikoni kuhusu faini hiyo, ilhali mama yule yumo stoo nyuma ya ukuta wa mbao, anasikia kila neno, na binti amelala mapajani pake. Pale nililazimika kukiweka kitabu chini.

Kilichonisikitisha ni yale mablanketi ya viraka yanayoanikwa uani, ambayo mishono yake inadaiwa kuwa ramani ya siri ya njia. Hadithi hiyo inapendwa sana, lakini wanahistoria walioichunguza hawakupata ushahidi wa zama zile wa kuithibitisha, na riwaya iliyojitahidi hivi kushika ukweli haikuihitaji. Historia yenyewe ina ya kutosha: taa ya dirishani katika nyumba ya mchungaji John Rankin, aliyewahifadhi watoro, juu ya kilima cha Ripley jimboni Ohio, ilionekana kutoka upande wa Kentucky. Ellen Craft, mwanamke mtumwa aliyetoroka, naye alisafiri mwaka 1848 kutoka Georgia hadi Philadelphia akijifanya bwana mdogo wa Kizungu, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kitambaa ili asitakiwe kutia saini, kwa kuwa hakujua kuandika. Ukweli kama huo unatosha kumshika msomaji pumzi.

Sura za Kanada, ambako utumwa ulikomeshwa mwaka 1834 pamoja na makoloni mengine mengi ya Uingereza, zimekwenda mbio mno. Hata hivyo, zina jambo moja ambalo sijalisahau: mama yule, akiwa na nyumba yake na mlango wenye komeo, bado analala na viatu miguuni.

Herufi za chapa niliyonunua ni ndogo na ramani haimo. Anayekusudia kumpa kijana wa shule aisome kwanza mwenyewe sura ya mnada, ambamo ndugu wanatenganishwa mbele ya wanunuzi, kisha awe karibu naye atakapoifikia.