Dawa ya meno ipi ununue? Soma namba kabla ya ladha

Ukisimama mbele ya rafu ya dawa za meno, achana kwanza na weupe na mnanaa. Geuza boksi, tafuta neno "fluoride" na namba iliyo kando yake. Floraidi ndiyo inayolisaidia jino kurudishiwa kalsiamu na fosfeti zinazoyeyushwa na asidi kila tunapokula sukari. Ikikosekana, jino halitoboki siku hiyohiyo: huanza doa jeupe kama chokaa, pale jino linapokutana na ufizi. Msogeze mtoto mwangani, mnyanyue mdomo wa juu, utazame. Niliyaona madoa hayo kwa mpwa wangu. Kwao wanakunywa maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, na dawa yake ya ladha ya matunda haikuwa nayo hata chembe. Doa huweza kurekebika. Tundu halizibi lenyewe.

Namba moja naipa dawa ya kawaida ya familia, ya 1,000 hadi 1,500 ppm (yaani sehemu za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa). Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya kiwango hiki kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ya dukani kwa Mangi inatosha. Bei kubwa haiongezi kinga. Ila angalia tarehe kwenye mkia wa tyubu, na boksi lililopauka kwa jua liache hapohapo, maana floraidi hupungua nguvu kwa kukaa sana kwenye joto. Ukishapiga mswaki tema povu, usisukutue kwa maji mengi ukaiondoa yote.

Ya pili ni ya watoto, mradi ifike 1,000. Zipo za 500 na chini ya hapo. Hizo kinga yake haijathibitika vya kutosha. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Kwa vipimo hivyo hata tyubu ya familia inamfaa, ndiyo maana siipi hii nafasi ya kwanza.

Tatu, za mitishamba: karafuu, mwarobaini. Baadhi zina floraidi, baadhi hazina. Mswaki wa mti unasafisha vizuri kwa anayeujua, lakini upakie dawa.

Unga wa mkaa sinunui. Unakwangua jino na hauliongezei kitu.

Wapo wanaodai floraidi ikikosekana hata mifupa hudhoofika. Niseme wazi: hilo halijathibitika. Mifupa inataka kalsiamu na vitamini D. Hatari yake ni floraidi kuzidi kwenye maji, na hilo watu wa Arusha na Meru wanalijua kwa macho: meno ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi, miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Baadhi ya visima na mito ya huko inazidi hapo mara kadhaa. Ukiishi huko, dawa ya meno siyo adui, mradi iwe kidogo na mtoto asiimeze. Fedha zako ziende kwenye tenki la maji ya mvua, au chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, aina ambayo kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimeifanyia kazi. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Na magadi ya kulainishia maharage na makande, ambayo nayo hubeba floraidi, yaache.