Spa ya melini: masaji ya siku ya pili na tiketi ya wiki nzima

Kosa nilianza nalo nyumbani, hata meli sijaiona. Niliingia kwenye programu ya simu ya ile meli ya kitalii, nikaweka nafasi ya masaji saa nane mchana ya siku ya pili, nikalipa bei kamili. Sikuangalia ratiba. Siku ya pili meli ilikuwa baharini kutwa nzima, na siku kama hiyo abiria wote wamo ndani, hawana pa kwenda, spa inajaa pomoni. Nani atakupunguzia bei? Meli ikishafunga gati na watu wakashuka kutalii, vitanda vinabaki vitupu, na hapo ndipo bei inalegezwa. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta tangazo limesukumwa chini ya mlango wa chumba changu: masaji ileile, dakika 50 zilezile, kwa bei iliyonifanya niketi kitandani nikipiga hesabu ya hasara.

Kuwahi kuweka nafasi si vibaya, maana saa nzuri huisha haraka. Na nafasi yenyewe huwa inaweza kufutwa. Masharti yangu yalitaka taarifa saa 24 kabla. Sikuyasoma.

Masaji yenyewe ilikuwa nzuri, nisimnyime mtu haki yake. Kwanza nilijaza fomu ya afya: presha, mzio, ujauzito, upasuaji wa karibuni, ngozi iliyoungua jua. Hilo la mwisho lina maana sana melini, kwa sababu aliyejianika kando ya bwawa asubuhi hawezi kukandwa mgongo jioni. Dada aliyenihudumia alikuwa na mikono yenye nguvu, na alilipata fundo la chini ya bega la kushoto bila mimi kumwelekeza.

Tatizo langu lilikuwa tumbo. Spa za meli nyingi huwekwa sitaha za juu, upande wa omo, ili abiria waione bahari. Ila huko juu na mbele ndiko meli inakopanda na kushuka zaidi mawimbi yakichafuka. Mimi nilitoka moja kwa moja kwenye chakula cha mchana cha kujipakulia, tena nilirudia sahani. Ukilala kifudifudi, uso umeuingiza kwenye tundu la kitanda, huna hata upeo wa macho wa kukutuliza. Dakika kumi za mwisho nilikuwa nazihesabu.

Kisha yakaja maneno. Bado nimejifunga taulo, nikaambiwa misuli yangu imejaa sumu na dawa yake ni chupa nne za mafuta na mwani, ambazo zilikwisha kutiwa alama ya vema kwenye karatasi. Ninavyojua mimi, taka za mwilini ni kazi ya ini na figo. Nikamshukuru, nikasema leo nimekuja kukandwa tu. Hakukasirika, nadhani naye ana kiwango cha mauzo anachodaiwa, lakini ule utulivu nilioulipia ulikwisha palepale. Risiti nayo ilitaka macho: asilimia 18 ya huduma ilikuwa imeshajumlishwa, na chini yake pakaachwa nafasi tupu ya kuandika bakshishi. Nusura nilipe mara mbili.

Kilichoniokoa ni kitu nilichonunua kwa bahati siku ya kupanda. Mchana ule wageni hutembezwa spa bure, na kuna bahati nasibu. Sikushinda kitu, ila niliviona vile vitanda vya vigae vinavyopashwa joto, vimepangwa mbele ya dirisha kubwa, pamoja na sauna, chumba cha mvuke na bwawa la maji moto lenye mikondo. Tiketi ya wiki nzima huuzwa kwa idadi maalumu ili pasijae, na bei yake haikuzidi sana ile ya masaji moja. Nikaichukua. Nilikwenda siku sita kati ya saba, mara nyingi wakati wa chakula cha jioni, ambapo tulikuwa watu watatu au wanne tu. Safari nyingine nitanunua hii kwanza, halafu masaji, kama nitaitaka, nisubiri bandarini.

Siku ya tano meli ilifunga gati, nami sikushuka. Nililala kwenye kigae chenye joto, nikawatazama wenzangu chini wakirudi na mifuko yao juani, mmoja baada ya mwingine. Nikasikia kandambili nyuma yangu. Alikuwa yule dada, na karatasi yake mkononi. Nikafumba macho, nikakoroma kidogo.