Mida, Sokoke na Sabaki: siku mbili na kiongozi anayejua maji

Naanza na safari iliyonikera, maana bila hiyo nisingejua thamani ya hii ya pili.

Mwaka jana nilipanga matembezi ya kutazama ndege Mida, hori la bahari lenye mikoko karibu na Watamu, pwani ya Kenya, kupitia kampuni moja ambayo sitaitaja. Gari lilinichukua Malindi saa tatu na nusu asubuhi, saa nne na nusu tukawa tumesimama ufukweni. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua maana yake: ni bamvua, siku za maji makubwa wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na bamvua kwetu maji hupwa kabisa saa nne, saa tano. Bahari ilikuwa imekimbia na ndege wameyafuata maji. Mbele yangu palikuwa na matope matupu, na huko mwisho wa macho vitone vikitetemeka kwa joto. Aliyetuongoza akanyoosha kidole: "Wale ni wageni kutoka Ulaya." Nikamuuliza ni ndege gani. "Wako wengi tofauti tofauti." Nililipa pesa zote nikarudi Mombasa na picha za matope.

Mwezi wa Februari nilikwenda tena, safari hii na mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na kidogo. Kiongozi nilielekezwa na rafiki anayeishi Gede. Ni kijana wa Kigiriama aliyezaliwa kando ya msitu. Nilipompigia simu, kabla ya kuniuliza tuko wangapi au tuna bajeti gani, aliniuliza: "Dada, mnaweza kuja wiki ya bamvua?" Hapo hapo nikajua nimepata mtu.

Alinieleza kwa utulivu. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, hayapandi sana, na hujaa mnamo saa nne asubuhi. Bamvua hujaa saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kwa hiyo mtu anafika Mida saa saba na nusu, anakaa kivulini, anatulia. Maji yakianza kuingia yanayafunika matope ya mbali kwanza, na ndege ambao wametawanyika huko wanasogezwa hatua kwa hatua mpaka wanakuja kusimama mbele yako. Huwafuati wewe. Bahari ndiyo inayokuletea. Nilikuwa nimelipa mara moja tayari kwa kutojua jambo hili, na hakuna aliyenieleza.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipita kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, mjomba akishika kamba kwa mikono miwili, na kiongozi akitutajia miti bila kuulizwa: mkoko wenyewe kwa mizizi yake iliyopinda kama miguu, mkandaa, mchu, na mlilana huko nje unaopokea mawimbi. Mwisho wa daraja kuna kibanda cha kujifichia. Akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akaishusha kimo ili mjomba atazame akiwa ameketi. Jambo dogo hilo, lakini sikumwomba.

Kwa nusu saa hakukuwa na kitu cha ajabu. Halafu wakaanza kuja. Kwanza vitwitwi wadogo, mamia, wakikimbia ukingoni mwa maji kama watoto wanaokwepa wimbi. Wengi wao huzaliwa Siberia, na kaskazi inapovuma wako kwetu. Sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Yangeyange. Na baadaye, kwa kundi, wale niliokuwa nimewaota mwaka mzima: ndege wala kaa, ambao wataalamu huwaita Dromas ardeola. Weupe pepepe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi kama koleo la fundi.

Mmoja alisimama kama hatua thelathini kutoka tulipokuwa. Alichomoa kaa tunduni, akamtikisa mpaka gando likakatika, akampiga chini, akamtikisa tena. Nyuma yake kulikuwa na ndege mwingine wa rangi ya kijivu, mkubwa karibu sawa naye, ameinamisha kichwa na kulialia bila kukoma. "Yule ni mtoto wake," kiongozi alisema kwa sauti ya chini. "Amekuja naye kutoka Arabuni na bado anamlisha." Mama, au baba, sikuweza kuwatofautisha, akampa kaa aliyekwisha vunjwa gando. Mtoto akameza, akaanza kulia upya.

Kiongozi akatueleza kwamba ndege hawa huzaa katika fukwe za Bahari ya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, huko ndani, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Mtoto huyo mmoja hulelewa kwa miezi, na malezi hayo yanaendelea hata wakishavuka bahari kuja huku.

Mjomba hakuwa amesema neno muda wote huo. Aliondoa jicho kwenye darubini akasema, "Hawa nawajua." Alifanya kazi ya udereva wa lori Oman miaka kumi na tisa, akipeleka mizigo mpaka kwenye pantoni ya kwenda kisiwa cha Masira. Pale pantoni, alisema, palikuwa na tambarare ya matope isiyo na mwisho, na ndege hawa kwa maelfu, naye akingoja zamu ya lori lake huku akiwatazama. Hakuna aliyewahi kumwambia jina lao wala kwamba wenzao wanafika Mida, mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani kwake. Kiongozi alimuuliza maswali mengi kuliko mimi: walikuwa wanasimama wapi, miezi gani, aliona mashimo yao? Mjomba alijibu yote. "Mwanangu, ningejua ningeyatafuta." Walizungumza mpaka maji yakagusa nguzo za kibanda na kundi zima likaruka kwenda kulala.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye lango la msitu wa Arabuko-Sokoke saa kumi na mbili kasoro. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita za mraba 400. Tuliyemfuata ni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye alikuja kujulikana na wataalamu miaka ya 1960, na ambaye nje ya hapa hupatikana msitu wa Dakatcha na kule Tanzania chini ya milima ya Usambara. Ni mdogo kuliko nilivyodhani: anatoshea kiganjani. Hukaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, mchana amelala kimo cha mtu kusimama.

Nilimwomba kiongozi apige sauti ya bundi kwenye simu ili bundi ajibu, nimeona wengine wakifanya hivyo kwenye video. Alikataa kwa adabu. Akasema bundi akisikia mwenzake katika eneo lake huacha kupumzika na kuja kupambana na adui asiyekuwepo, na wageni wakija kila siku hatapata usingizi wala chakula. Akatuacha njiani, akaingia kichakani peke yake dakika ishirini. Aliporudi alitupeleka mmoja mmoja. "Dada, usinyooshe kidole. Tazama tawi la pili, kushoto kwa jani lililokauka." Nililitazama lile jani lililokauka kwa muda kabla ya kugundua kwamba jani la pembeni yake lina macho. Alikuwa wa rangi ya kutu. Kiongozi alisema wapo pia wa kijivu na wa kahawia. Alifumbua jicho moja nusu, akalifumba. Tulikaa naye dakika tatu tukaondoka.

Njiani kurudi tulimwona sange wa tako la dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, akikimbia juu ya majani makavu. Kwera wa Clarke, ndege mdogo ambaye duniani kote anaishi Kaunti ya Kilifi tu, hatukumpata, na kiongozi alikuwa ametuonya mapema kwamba tusimtegemee.

Sabaki, mchana wa siku hiyo, sina mengi ya kusema isipokuwa uzuri wake. Unavuka daraja kaskazini ya Malindi, unatembea juu ya vilima vya mchanga, na mto unaotoka Nairobi unakutana na bahari ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Heroe, mwari, shakwe na buabua walikuwa wengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Mjomba alikaa chini kwa sababu mwendo kwenye mchanga ni mgumu na jua halina mahali pa kukwepea. Wenye wazee wafikirie hilo. Kuna viboko pia, kwa hiyo msiteremke kwenye matete bila kiongozi.

Sasa bei. Tulilipa shilingi 9,000 za kiongozi, watu wawili, siku hizo mbili, gari letu wenyewe. Viingilio vilikuwa mbali na hizo, na hapa ndipo nina lalamiko: hakuniambia mpaka tulipokuwa njiani. Kiingilio cha msitu hakipokelewi kwa pesa taslimu, na mtandao langoni ulisumbua, tukapoteza dakika za alfajiri ambazo ndizo zenye thamani. Lipia ukiwa nyumbani. Darubini ya miguu mitatu ilikuwa moja, mguu wake mmoja umelegea, ikabidi aushike kwa goti. Nilipomweleza haya mwishoni aliyapokea vizuri, hakujitetea.

Ada ya daraja la Mida niliitoa kwa moyo mweupe. Sehemu ya fedha za utalii wa pale na wa msituni huenda kwenye karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu, kupitia mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001. Pale Gede nilikutana na mama mmoja anayeuza maembe ambaye binti yake alimaliza kidato cha nne kwa karo hiyo. Alinitajia jina la shule na alama za binti bila mimi kuuliza.

Tumeshapanga kurudi bamvua ya mwanzo wa Aprili. Kiongozi anasema wakati huo vitwitwi wanaokwenda Siberia wanakuwa wamebadilika vifua, wekundu kama matofali, wakila usiku na mchana kujiandaa na safari. Mjomba amenitumia ujumbe mara mbili wiki hii kuuliza darubini nzuri inauzwa wapi Mombasa.